Kabla Hujahamia Ndani ya Gari

Ndugu zangu, wiki hizi mbili maneno yamekuwa mengi kati yetu juu ya jambo moja. Mtu mwenye ulemavu, mwenye kipato kidogo, akiacha chumba cha kupanga akahamia ndani ya gari, ametumia akili au amejitupa? Wengine wamecheka sana. Mimi sikucheka, maana najua hesabu inayompeleka mtu huko.

Swali limetoka pande mbili kwa wakati mmoja. Upande wa huku, kuna kaka yetu mmoja hapa Buyenzi, fundi wa simu. Polio ilimpooza miguu tangu utoto, anatembelea baiskeli ya matairi matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Mwenye gereji mmoja amemwambia kuna bodi la Hiace pembeni ya uwanja wake, halina injini wala viti. Anaweza kulala mle kwa pesa ndogo kuliko ya chumba, na mchana akafanyia kazi hapohapo. Upande wa pili kuna binamu yake aliyepelekwa Marekani, yuko Ohio, mgongo wake uliharibika, anaishi kwa SSI, yaani ile pesa serikali ya kule inayowapa wazee na watu wenye ulemavu wasio na kitu. Kodi imempandia. Naye ameona video za watu wanaoishi ndani ya van, anauliza: mimi ninashindwa nini?

Msimamo wangu ni huu. Magurudumu ni kitu kizuri sana kwa mtu ambaye miguu haimsaidii. Lakini magurudumu ni ya kwenda kutafuta na kurudi. Ukiyafanya ndiyo nyumba, kodi uliyoikimbia utailipa kwa njia nyingine, na mara nyingi utailipa kwa mwili wako. Nasema hivyo nikiwa mtu wa magongo mawili, sisemi kama mtu anayeangalia kutoka dirishani.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo yenye ukweli

Kaka yetu fundi alinionyesha daftari lake. Katika kila noti kumi anazopata, karibu sita zinakwenda kwa mwenye nyumba. Zinazobaki ni chakula, maji, sabuni, kuchaji, vipuri vya simu, na matairi ya baiskeli ambayo barabara za Buyenzi zinayala kama muhogo. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia "vumilia tu", hujamwambia kitu.

Na tusidanganyane, hapa Burundi hakuna pesa ya kila mwezi ya mtu mwenye ulemavu kama ile ya Marekani. INSS inalipa waliofanya kazi za kuajiriwa na kuchangia. Fundi wa simu wa kukaa kwenye kona hayumo. Burundi iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na ikatunga sheria yake tarehe 10 Januari 2018. Sheria hiyo ni nzuri kuijua, inasaidia ukienda kudai haki shuleni au hospitali. Lakini mwisho wa mwezi haiweki noti mfukoni.

Na kama ni mkimbizi, kuna jambo lingine. Msaada wa chakula unapatikana kambini, kule Gasorwe, Musasa, Bwagiriza, Kavumu, Nyankanda, na sasa Musenyi. Ukichagua kukaa Buja, umechagua kujitegemea. Watu wanauliza, basi kwa nini asiende kambini? Wanaouliza hivyo hawajawahi kusukuma baiskeli ya matairi matatu kwenye mlima wa udongo mwekundu wakati wa mvua. Na kambini kwenyewe mgao ulipunguzwa mwaka 2025. Kaka yetu alikaa kambini, akatoka, kwa sababu Buja kuna tambarare, kuna umeme japo wa kukatikakatika, na kuna simu zinazoharibika kila siku.

Kwa hiyo wazo la Hiace halikutoka kwenye ujinga. Limetoka kwenye daftari. Ndiyo maana linastahili kujibiwa kwa hesabu, sio kwa kicheko.

Hiace ya Buyenzi: vitu ambavyo bei haikutajwa

Cha kwanza ni choo. Samahani kwa wanaosoma wakiwa wanakula, lakini watu wenye ulemavu tukianza kuona aibu kusema habari ya choo, hakuna atakayetusemea. Kwenye paseli anapokaa sasa, choo ni cha shimo, cha kuchangia, kina ngazi moja. Ni kibaya, lakini majirani walimtengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, anakivuta, anakaa, anamaliza shida yake bila kugusa chini. Kule gereji choo kipo, ila mlango unafungwa jioni na ufunguo unakwenda na mlinzi. Mtu asiyeweza kutembea, saa nane ya usiku, tumbo limemkamata, anafanyaje? Atatumia ndoo. Ndoo hiyo nani anaimwaga asubuhi? Ukilipa mtoto wa kuimwaga kila siku, umeanza kulipa kodi tena. Usipomlipa, ukapunguza kula na kunywa maji ili usiende, umeanza kulipa na figo.

Cha pili ni joto. Buja iko chini kabisa kando ya Tanganyika, sio Gitega wala Kayanza. Gari la bati lililoachwa juani mchana kutwa, ukiingia saa moja ya jioni ni kama kuingia kwenye sufuria. Ukifungua vioo upate hewa, unapata mbu. Chandarua kinaweza kufungwa ndani ya Hiace, lakini kinabana, kinagusa mwili, na mbu anauma kupitia hapo. Mtu wa miguu miwili akipata malaria anajikokota hadi kituo cha afya. Sisi wengine malaria ikitushika, mikono ndiyo miguu yetu, na mikono inapolegea hatutoki hata mlangoni.

Cha tatu ni mlango wenyewe. Sakafu ya Hiace iko juu kuliko kiti cha baiskeli yake. Siku ana nguvu, anajinyanyua kwa mikono, sawa. Siku hana nguvu? Na bodi la zamani mara nyingi mlango mmoja tu ndio unafunguka, tena kwa kuvutwa kutoka nje. Moto ukitokea, mtu wa magongo hatoki kupitia dirishani. Gereji ni mahali pa oili, rangi na watu wa kuchomelea. Hebu fikirieni hilo kwa dakika moja.

Hapohapo niseme habari ya mbabula. Usiku wa mvua mtu anatamani kuingiza mbabula ndani apike na kupata joto. Makaa yakiwaka mahali pamefungwa yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, inaua mtu akiwa amelala, na asubuhi watu wanasema amerogwa. Chumba cha matofali chenye nafasi chini ya bati kina hatari hiyo pia. Gari lililofungwa vioo ni dogo, hewa hiyo inalijaza haraka zaidi.

Cha nne ni karatasi. Hapa mjini kila nyumba ina kaye yake inayoandikwa majina ya wanaoishi mle, na nyumbakumi anajua nani ni nani. Polisi wakija alfajiri kukagua, wanafungua ile kaye. Jina lako lipo, karte yako ya ukimbizi ipo, unarudi kulala. Sasa wewe unayelala ndani ya gari bovu uwanjani mwa mtu, umeandikwa wapi? Mwenye gereji anaweza kukukubali mchana, lakini akiulizwa usiku aseme "simjui huyu", maana naye anaogopa kesi. Sisi wakimbizi tunajua maana ya kuwa mtu ambaye hakuna mahali ameandikwa. Tulishatoka huko.

Cha tano nakisema kwa ajili ya dada zetu. Kaka fundi ana mikono mikubwa na sauti ya kuogopwa. Dada mwenye ulemavu akipewa "ofa" ya kulala gereji kwa bei ndogo, ajiulize mara mbili anayetoa ofa anatafuta nini, na kitasa kinafungwa kutoka upande gani.

Na kama gari linatembea?

Kuna aliyeandika, basi anunue gari zima, hata kuukuu, awe anahama. Ndugu yangu, hapa Buja? Tangu 2021 uhaba wa mafuta umekuwa ukija na kuondoka, na miaka ya karibuni umekaa zaidi kuliko ulivyoondoka. Mara ngapi tumeona magari yamepanga mstari hadi kona ya tatu, madereva wamelala ndani kusubiri esansi? Hao ndio tayari wanaishi garini, na hakuna hata mmoja aliyetuma video akisema maisha ni matamu.

Na sheria za barabara zinabadilika. Machi 2022 serikali ilizuia baiskeli, pikipiki na tuk-tuk zisiingie katikati ya mji na sehemu kubwa ya Bujumbura. Siku moja ulikuwa na kazi, siku ya pili tairi zako haziruhusiwi kufika kwenye kazi ile. Kwa hiyo anayetaka kuweka maisha yake yote juu ya magurudumu aulize kwanza: magurudumu haya yanaruhusiwa wapi, na nani anaweza kuamka kesho akayakataza?

Pa kuegesha pia si jambo dogo. Ukiegesha karibu na ziwa ni baridi, pazuri, lakini waulize watu wa Gatumba. Tangu 2020 maji ya Rusizi na Tanganyika yamewatoa watu wengi kwenye nyumba zao, wengine mpaka leo wako kwenye maeneo ya waliohama. Gari lisilo na mafuta halikimbii maji.

Sasa twende Ohio

Binamu yake ana mambo tofauti, na nisingependa tumjibu kwa mambo ya Buyenzi. Yeye ana pesa ya uhakika. Mwaka 2025 SSI ya mtu mmoja kwa sheria ya taifa lao ilikuwa juu kabisa dola 967 kwa mwezi. Ukizisikia ukiwa hapa unasema huyo tajiri. Ukiwa kule unalipa kodi, umeme na simu, na kabla ya mwezi kufika nusu unahesabu mikate. Kwa hiyo naye hakutoka na wazo lake kwenye ujinga.

Na lazima niseme ukweli ulio upande wake. SSI haikatwi kwa sababu tu huna nyumba. Gari moja unalolitumia kwa usafiri halihesabiwi kwenye mali yako. Kwa maandishi ya sheria, anaweza kuingia van kesho na pesa ikaendelea kuja.

Lakini aangalie na haya. Mali yake, pamoja na pesa benki, haitakiwi kuzidi dola 2,000. Kiwango hicho hakijabadilika tangu 1989, wakati wengi wetu wazazi wetu hawajaoana. Sasa van kuukuu ni kitu cha kuharibika. Gearboksi ikifa, fundi wa kule anaweza kudai pesa ambayo sheria yenyewe haikuruhusu kuiweka. Mwenye chumba, gari likifa amepoteza gari. Mwenye kulala garini, gari likifa amepoteza nyumba, kitanda na usafiri wa kwenda hospitali, vyote siku moja. Kama ulemavu wake ulianza kabla ya miaka 26, na kuanzia Januari 2026 kabla ya miaka 46, anaweza kufungua akaunti inayoitwa ABLE na kuweka akiba mle bila SSI kukatwa. Hiyo aifanye wiki hii, ahame au asihame.

Kuna suala la barua. SSI wanataka kujulishwa ukibadilisha mahali pa kukaa. Bima ya afya ya watu wa kipato kidogo, ile Medicaid, inaendeshwa na kila jimbo kivyake, kwa hiyo kuzungukazunguka majimbo kama kwenye video kunaweza kukukuta bila daktari. Na muhimu kuliko yote: nyumba za msaada kule, mtu analipa karibu asilimia 30 ya kipato chake, lakini foleni ya kuzipata inaweza kuchukua miaka. Wakikuandikia barua usijibu, jina linaondolewa. Mtu ambaye hana sanduku la barua la uhakika anaweza kuipoteza nyumba aliyoingoja miaka mitano kwa bahasha moja iliyorudi. Akiamua kuhamia van, kabla hajagusa ufunguo awe na anwani ya kanisa, ya ndugu au ya shirika itakayopokea barua zake.

Kuna polisi pia. Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mji wa Grants Pass huko Oregon, ilisema miji inaweza kuwaadhibu wanaopiga kambi sehemu za umma hata kama hawana pengine pa kulala. Kila mji una sheria zake za kulala garini. Sisi watu wa vita, taa ya polisi ikipiga kiooni saa tisa ya usiku, mwili haukumbuki kwamba hii ni Ohio. Unakumbuka Uvira.

Ohio pia ina baridi. Mbabula ya huku na hita ya gesi ya kule ni mtu na mdogo wake. Ile hewa inayoua ni ileile.

Mwisho kuna saa inayohesabu. Mkimbizi kule anapata SSI kwa miaka saba tangu alipopewa hadhi. Baada ya hapo inasimama, isipokuwa amekuwa raia au anaingia kwenye nafasi chache sheria inazozitaja. Na sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewabana kwenye msaada wa chakula wakimbizi ambao bado hawana green card. Kwa hiyo kazi yake kubwa sasa ni kufuata karatasi zake: green card, halafu uraia, halafu foleni ya nyumba. Karatasi zinataka mtu anayepatikana. Na kama anafikiri kupumzika kwa kuja kutuona, ajue SSI inasimama ukikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo. Tunampenda, lakini aje kwa wiki tatu.

Habari ya video

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Zile video zinatuonyesha mlango. Kijana ameegesha kando ya bahari, anakunywa kahawa, mbwa amelala. Hawaonyeshi anakwenda wapi kujisaidia, wala baba yake mwenye nyumba kubwa atakayemrudisha chumbani siku amechoka. Kwake gari ni safari, na nyuma yake kuna nyumba.

Wako wengine wasio na nyumba nyuma. Mwandishi Jessica Bruder alitoa kitabu mwaka 2017 kinachoitwa Nomadland, juu ya Wamarekani wazee wanaoishi garini, na filamu yake ilipata Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Watu wale walikuwa wanahama kutafuta kazi: kupakia mizigo kwenye ghala, kusafisha vyoo vya kambi za watalii, kuvuna viazisukari. Yaani gari lilikuwa linawapeleka kwenye kazi ya mwili. Sasa mtu anayepata pesa ya ulemavu kwa sababu mgongo wake haubebi, maisha yale yatampeleka wapi?

Hapo magurudumu yanapokuwa na maana

Sitaki mtu aseme nadharau matairi. Watu wetu wenye ulemavu wamekula kwa matairi miaka mingi. Pale Goma, kwenye mpaka wa Gisenyi, watu wenye baiskeli za matairi matatu wanavusha mizigo, wamejaza magunia mpaka dereva haonekani. Kinshasa, kwenye vivuko vya kwenda Brazzaville, wafanyabiashara wenye ulemavu walijulikana kwa nafuu waliyopewa ya nauli na ushuru, wakajenga biashara juu yake. Na kundi la muziki la Staff Benda Bilili, wanaume wa polio kwenye baiskeli zao, walikuwa wakipigia muziki kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa. Albamu yao ilitoka 2009, na mwaka 2010 filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes.

Ukiangalia mifano yote hiyo, tairi lilikuwa chombo cha kazi. Linatoka asubuhi, linaleta kitu jioni. Hapo ndipo nakubaliana na kaka fundi kwa nusu ya wazo lake. Ile Hiace aichukue, lakini iwe duka! Iko gereji, watu wanapita, bati linazuia mvua, inafungika kwa kufuli, simu za wateja zinalala salama. Mwenye gereji amlipe kwa mchana tu, kwa bei ndogo zaidi. Mtu mmoja wa kuchomelea ashushe sakafu upande mmoja au aweke ubao wa kupandia. Halafu jioni arudi kulala kwenye paseli, kwenye kiti chake cha choo, ambako jina lake liko kwenye kaye.

"Na kodi ya chumba?" Ndiyo, hapo ndipo sisi tunaingia. Kodi ya chumba cha mtu mmoja inammaliza mtu mmoja. Katika kundi letu kuna vijana wasiopungua wanne ambao kila mmoja anapanga chumba chake, kisa kila mmoja anataka uhuru. Wawili wakikaa pamoja, mmoja mwenye miguu na mmoja mwenye kipato cha kila siku, kodi inakatika katikati, na usiku kuna mtu wa kukuletea maji. Na likelemba yetu, ambayo sasa inanunua vitenge na kulipia sherehe, tuitengee mfuko mmoja wa garanti. Maana kinachowatupa watu nje mara nyingi sio kodi ya mwezi, ni ile miezi mitatu ambayo mwenye nyumba anataka kwa mpigo. Mimi mwenyewe niliwahi kukataliwa chumba nikiwa na kodi ya mwezi mkononi, kwa sababu ya garanti na, kama alivyosema mwenye nyumba, "watu wa magongo wanachelewa kulipa". Huyo nilikuwa sijawahi kumcheleweshea hata faranga, maana hata kuingia sijaingia.

Kwa anayeshikilia kuhama

Najua kuna atakayesema, wewe unaongea juu ya choo, watu walilala uwanjani Rugombo. Kweli. Februari 2025, watu walipovuka Rusizi wakikimbia vita, walilala uwanjani, shuleni, kanisani, popote. Kuokoa maisha hakuchagui kitanda. Kama leo usiku umetolewa nje na hakuna mlango unaofunguka, lala ndani ya Hiace na Mungu akulinde. Ninachokataa ni kuufanya usiku wa dharura kuwa mpango wa miaka.

Ukiwa bado unataka kuhama, ukiwa hapa au Ohio, pima mambo haya matano. Likikosekana hata moja, subiri kwanza.

1. Kuna choo unachokifikia mwenyewe, saa yoyote ya usiku, bila kuomba ufunguo.
2. Jina lako limeandikwa mahali: kwenye kaye hapa, au anwani ya barua kule.
3. Mlango unafunguka kutoka ndani, hewa inapita, na hakuna moto wa makaa wala gesi unaowaka ukiwa umelala.
4. Kuna mtu anayeweza kukusikia ukiita, na anajua utakuwepo hapo usiku huo.
5. Una pesa ya kurudi. Hapa ni garanti ya chumba ambayo huigusi. Kule ni jina lako kwenye foleni ya nyumba, na akiba mahali sheria inaporuhusu.

La tano ndilo ninalolishikilia zaidi. Aliyeingia garini akiwa na njia ya kutoka, anajaribu maisha. Aliyeingia baada ya kuuza godoro na kutumia garanti, gari limemfunga, na kila mwezi unaopita mlango wa kurudi unazidi kuwa mwembamba.

Mwisho, ombi langu kwa kundi. Jumapili tukikutana kwa likelemba, tuweke mambo mawili mezani kabla ya mambo ya vitenge. Moja, nani yuko tayari kukaa chumba kimoja na kaka fundi, ili mwezi ujao asilipe peke yake. Mbili, kila mmoja atatoa ngapi kwa mfuko wa garanti, hata kama ni faranga mia tano. Wale wa kutafuta karatasi, tuwaulize na watu wa UPHB, ambao ni umoja wa watu wenye ulemavu wa hapa Burundi, tusikie sheria ya 2018 inatusaidiaje mbele ya mwenye nyumba anayekataa magongo.

Na wewe wa Ohio, ukisoma haya, kabla hujauza kitanda tupigie simu. Huku ni usiku mapema kuliko kwenu, lakini tutapokea.

Mwenzenu wa magongo mawili,
Buyenzi, Bujumbura